Shokomzoba: Kazi Yake na Mipaka ya Jina Lake

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wa ufundi, wahitimu wa fani ya magari, wazazi na wageni waalikwa,

Nashukuru kwa heshima ya kusimama mbele yenu. Nimeombwa nizungumzie kifaa kimoja tu, yaani shokomzoba (kwa Kiingereza "shock absorber", kinyonya mshtuko), ambayo wengi wetu gereji tunaiita shokapu, na nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa ni nadra kukuta kifaa cha gari kinachotajwa sana huku kazi yake ikieleweka kidogo namna hii. Ukimuuliza dereva shokomzoba ni nini, atakujibu kwamba ni kile kinachopokea pigo gurudumu linapoingia shimoni. Ukimuuliza mwanafunzi wa ufundi, mara nyingi atakupa jibu lile lile kwa maneno marefu zaidi. Jibu hilo limekosea mahali pa msingi kabisa, na kosa hilo halibaki kwenye maneno: linaonekana katika matengenezo yanayofanywa vibaya, katika fedha za wenye magari zinazopotea bure, na katika magari yanayoteleza penye lami ambapo hayakupaswa kuteleza.

Kinachopokea pigo ni tairi kwanza, kisha springi. Tairi likipanda juu ya jiwe, upepo uliomo ndani yake hubanwa na mpira hujikunja. Pigo lililobaki hupanda kwenye ekseli, na springi hujibana ili bodi ya gari isirushwe juu kwa nguvu ile ile iliyolirusha gurudumu. Springi ndiyo pia inayobeba uzito wa gari lote, likiwa limesimama au likiwa linakwenda. Shokomzoba haibebi uzito huo. Ile ya kawaida ukiisukuma kwa mikono polepole itaingia, ukiivuta itatoka, na ile isiyo na gesi ukiiacha itabaki pale pale ulipoiachia, bila kurudi. Kitu kisichorudi hakiwezi kubeba gari. Ndiyo maana mtu aliyenunua shokomzoba mpya nne kwa matumaini kwamba gari lake lililozama litainuka, hulikuta kesho yake likiwa limezama vile vile: springi ndizo zilizochoka, na yeye amelipia kifaa ambacho hakikuwa na ugonjwa.

Kama springi imeshapokea pigo, basi shokomzoba inafanya nini? Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Springi ina sifa moja njema na moja mbaya, na zote mbili ni sifa ile ile: inarudisha karibu kila kitu ilichopewa. Ikibanwa, hutunza nishati, ikiachiwa, huitoa. Tuchukue mfano wa hesabu ndogo. Gurudumu moja la gari dogo limebeba kilo 300, na springi yake inahitaji nguvu ya newtoni 25 kwa kila milimita moja ya kubanwa. Tuta likiibana springi hiyo kwa sentimita 5 zaidi ya pale ilipokuwa, nishati ya ziada inayohusika na mtikisiko wake ni takriban joule 31, ambayo inatosha kuinua kilo moja hadi urefu wa mita tatu. Nishati hiyo haipotei kwa sababu tuta limepitwa. Springi itaisukuma bodi juu, bodi itapita mahali pake pa kawaida, itaanguka tena, itaibana springi tena, na mchezo huo utaendelea mara moja na nusu hivi kwa kila sekunde hadi tuta jingine litakapoongeza mchezo mwingine juu yake. Gari lenye springi peke yake halikuumizi kwa pigo la kwanza. Linakuumiza kwa sababu halijui kunyamaza.

Kunyamazisha huko ndiko kazi ya shokomzoba. Inachukua nishati ya mwendo huo wa kupanda na kushuka, inaigeuza kuwa joto, na joto hilo linatoka kupitia ukuta wa silinda na kuchukuliwa na upepo unaopita chini ya gari. Hakuna njia nyingine. Nishati haifi, na kifaa kidogo kama hiki hakina ghala la kuihifadhi. Kwa hiyo inabidi iondoke, na mlango wake wa kutokea ni joto. Fundi aliyewahi kugusa shokomzoba ya gari lililotoka kwenye njia mbovu ndefu anajua kwamba ni moto kiasi cha kumfanya aondoe mkono haraka. Moto ule ndio ushahidi kwamba kifaa kimefanya kazi, na shokomzoba iliyopoa baada ya safari kama hiyo, wakati wenzake watatu ni wa moto, ndiyo ya kushukiwa.

Nimeiweka hapa mezani shokomzoba moja iliyopasuliwa kwa urefu, na nitaomba mje kuitazama kwa karibu baadaye. Ni ya aina ya mirija miwili, yaani silinda ndani ya silinda. Juu mnaona fimbo ya chuma iliyopakwa kromu, inayong'aa kiasi cha kuona uso wako ndani yake. Fimbo hiyo inapita katikati ya sili ya mpira yenye midomo myembamba inayoikumbatia pande zote. Mwisho wa fimbo kuna pistoni, kipande kisichozidi upana wa vidole viwili, chenye vitundu vilivyotobolewa kwa mzunguko, na juu ya vitundu hivyo zimelazwa sahani za chuma nyembamba kama wembe, moja juu ya nyingine, zikiwa zimebanwa katikati na kuachwa huru ukingoni. Sahani hizo ndizo vali. Pistoni ikisukumwa, mafuta yanatafuta njia ya kupita kwenye vitundu, yanazikunja sahani kidogo, na yanapenya kwa shida. Chini ya silinda ya ndani kuna vali nyingine inayoruhusu mafuta yaingie na kutoka katika nafasi iliyo kati ya mirija miwili, kwa sababu fimbo inapoingia huchukua nafasi, na mafuta hayabaniki, kwa hiyo lazima yapate pa kwenda. Mafuta yote yaliyomo, katika gari dogo, hayajazi hata chupa ya nusu lita.

Tabia ya mafuta hayo yanapopita kwenye tundu dogo ndiyo siri ya kifaa chote. Ukipitisha kiganja ndani ya maji polepole, maji yanakuachia njia. Ukijaribu kukipitisha kwa kasi, maji hayo hayo yanakuwa mazito kama ukuta. Shokomzoba inapinga mwendo kwa kadiri ya kasi ya mwendo huo, na haijali pistoni iko juu, katikati au chini. Springi ni kinyume chake: inajali imebanwa kiasi gani, na haijali imebanwa kwa kasi gani. Atakayeishika tofauti hiyo moja, kwamba springi inajibu umbali na shokomzoba inajibu kasi, ameshika zaidi ya nusu ya somo la mitikisiko ya gari. Gari likisimama, kasi ya pistoni ni sifuri, na shokomzoba haina mchango wowote. Iko kazini pale tu kitu kinapotikisika.

Na haipingi kwa usawa pande zote mbili. Shokomzoba nyingi za magari huwekwa ziwe ngumu zaidi zinapovutwa kuliko zinapobanwa, mara nyingi mara mbili au tatu zaidi. Sababu yake ni ya busara. Gurudumu linapopanda juu ya kikwazo hupandishwa kwa ghafla sana, na shokomzoba ngumu wakati huo ingelipeleka pigo moja kwa moja kwenye bodi, kana kwamba springi haipo. Ni afadhali iache springi ipokee, kisha wakati springi inapotaka kurudisha nishati yake, shokomzoba iikamate wakati huo wa kurudi. Mkiishika shokomzoba nzima mkaivuta na kuisukuma, mtausikia utofauti huo mikononi mwenu bila kuhitaji kipimo.

Jambo jingine ambalo abiria halioni ni kwamba kuna mitikisiko miwili tofauti ya kuzimwa na si mmoja. Bodi, ambayo ni nzito, hupanda na kushuka taratibu, kama mara moja hadi mbili kwa sekunde. Gurudumu pamoja na ekseli yake, ambavyo vimeshikwa kati ya springi upande wa juu na upepo wa tairi upande wa chini, hutetema kwa kasi zaidi, kama mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Mtetemo huu wa pili hauwasumbui sana waliokaa kwenye viti, lakini ndio wenye hatari kubwa, kwa sababu kila gurudumu linaporuka, hata kwa milimita chache, tairi linapunguza kuikamata barabara au linaiachia kabisa. Tairi lisilogusa lami haliwezi kufunga breki wala kukata kona. Kwa maoni yangu, tungewafundisha madereva kwamba shokomzoba ni kifaa cha breki na usukani kabla ya kuwa kifaa cha starehe, wangeitunza kwa namna nyingine kabisa.

Historia yake inathibitisha kwamba haya hayakueleweka kwa siku moja. Mikokoteni ya farasi na magari ya kwanza yalitumia springi za mabapa, ambazo vyuma vyake husuguana vinapojikunja, na msuguano huo ulizima sehemu ya mtikisiko bila mtu kuupangia kazi hiyo. Kadiri magari yalivyoongezeka kasi, msuguano huo haukutosha. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mfaransa aliyeitwa Truffault alibuni kifaa cha sahani zilizobanwa pamoja, zikisuguana kila ekseli inapopanda na kushuka, na Mmarekani Edward Hartford akakipeleka Marekani na kukifanya kuwa biashara. Kilisaidia, lakini msuguano mkavu una kasoro yake: unapinga kwa nguvu ile ile hata mwendo uwe mdogo, kwa hiyo unaigandisha springi kwenye vijishimo vidogo na kushindwa kwenye mashimo makubwa. Mfaransa mwingine, Maurice Houdaille, aliingiza mafuta katika kifaa chenye mkono na bawa linalozunguka ndani ya chumba kilichofungwa. Gari la Ford Model T, lililoundwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927 kwa idadi iliyozidi milioni 15, lilitoka kiwandani bila shokomzoba hata moja. Mrithi wake, Model A, alitoka na shokomzoba za mafuta za aina ya Houdaille kwenye magurudumu yote manne. Springi za mviringo zilipoenea, ambazo hazina msuguano wa kutajwa, shokomzoba ikaacha kuwa nyongeza na ikawa sharti.

Umbo la bomba tunalolijua leo lilishika soko baadaye, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 muundo wa mhandisi Earle MacPherson, unaoifanya shokomzoba kuwa pia nguzo inayoshikilia gurudumu, uliingia katika magari ya Ford ya Ulaya. Muundo huo ni wa nafuu na haumalizi nafasi, lakini umechangia mkanganyiko ninaousemea, kwa sababu springi na shokomzoba zimevishwa pamoja, na asiyezitofautisha huona kitu kimoja. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon naye alitatua tatizo la povu. Mafuta yakichapwa sana hadi kuchanganyika na hewa, yanakuwa povu, na povu hubanika, likapita kwenye vali bila ukinzani wowote. Yeye alitumia mrija mmoja, akatenga mafuta na gesi kwa pistoni inayoelea, na gesi hiyo ya naitrojeni hushindiliwa hadi mara 20 hadi 30 ya kanieneo ya hewa, ili mafuta yabaki mafuta. Kampuni ya Bilstein ya Ujerumani iliuchukua ubunifu huo na kuuingiza katika magari ya Mercedes-Benz kuanzia mwaka 1957.

Nje ya magari, jina hili limesafiri mbali, na mahali pengine linafaa zaidi kuliko kwetu. Mguu wa magurudumu wa ndege kubwa ya abiria una naitrojeni iliyoshindiliwa na mafuta ndani ya bomba moja: gesi inakuwa springi, na mafuta yanayopenya kwenye tundu dogo yanazima mrudio. Kifaa hicho kwa kweli kinapokea pigo na kulimaliza, maana kinafanya kazi mbili ambazo katika gari zimegawanywa. Wahandisi wa mizinga walikuwa wamefika hapo mapema: mzinga wa Ufaransa wa milimita 75 wa mwaka 1897 uliuacha mtutu urudi nyuma peke yake juu ya kitanda chake, ukizuiwa na mafuta na hewa iliyobanwa, ili gurudumu la mzinga lisihame na mpigaji asilazimike kulenga upya kila baada ya risasi.

Majengo nayo yana zake. Katika jengo la Taipei 101 kule Taiwan kumetundikwa tufe la chuma la tani 660, linaloning'inia kati ya ghorofa ya 92 na ya 87. Upepo unapoyumbisha jengo, tufe hubaki nyuma na kuvuta upande mwingine. Wageni hupiga picha na tufe hilo, na wengi huondoka wakiamini kwamba uzito wake ndio unaomaliza kazi. Chini ya tufe kuna mabomba ya mafuta, ndugu wa moja kwa moja wa hii iliyoko mezani, na hayo ndiyo yanayoigeuza nishati ya myumbo kuwa joto. Yakiondolewa, tufe lingebembea pamoja na jengo kwa muda mrefu sana. Vivyo hivyo kwa daraja la waenda kwa miguu la Millennium jijini London, lililofunguliwa tarehe 10 Juni 2000 na kufungwa siku mbili baadaye kwa sababu lilikuwa likiyumba upande kwa upande chini ya miguu ya watu. Halikuwa dhaifu wala halikukaribia kuanguka. Lilikosa tu kitu cha kuzima myumbo. Liliwekewa vizuia mtikisiko, vikiwemo 37 vya mafuta, na likafunguliwa tena mwaka 2002.

Mwili wa binadamu unastahili maneno machache. Tunaambiwa kwamba diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo ni shokomzoba, na kwa kiasi fulani ni kweli, kwa kuwa maji yaliyomo husukumwa nje taratibu zikibanwa, hata mtu mzima anakuwa mfupi kwa sentimita moja hivi jioni kuliko alivyoamka. Lakini mtu anayeruka kutoka juu na kutua huku amekunja magoti anategemea zaidi misuli ya mapaja, inayorefuka huku ikikaza, ikimaliza mwendo na kuugeuza joto. Ndiyo sababu mguu uliochoka huumia kwa kuruka kule kule ambako asubuhi ulikuweza bila shida.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni wa kigong'ota, yule ndege anayetoboa miti kwa mdomo. Kwa miaka mingi ilisemwa, hata katika maandishi ya wasomi, kwamba fuvu lake ni shokomzoba ya kulinda ubongo, na watu wakatengeneza kofia za kinga kwa kuiga dhana hiyo. Mwaka 2022, Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp na wenzake walichapisha matokeo ya kupima picha za kamera za kasi kubwa, na wakaonyesha kwamba kichwa cha ndege huyo husimama kama kitu kimoja kigumu, ubongo ukipungua kasi pamoja na mdomo. Na ukitafakari, isingewezekana iwe vinginevyo: shokomzoba ndani ya nyundo huifanya nyundo isigonge. Kama fuvu lingekula nishati ya pigo, ndege angelazimika kugonga kwa nguvu zaidi ili kupata tundu lile lile. Ubongo wake unasalimika kwa sababu ni mdogo. Nauleta mfano huu kwa sababu unaonyesha jinsi jina linavyoweza kutangulia uchunguzi na kuufunga mlango kwa miongo mingi.

Kutoka hapo niingie katika matumizi ya sitiari, kwa sababu jina hili limehamia katika lugha ya uchumi na uongozi. Wachumi husema kwamba sarafu inayoachwa ipande na kushuka sokoni ni kizuizi cha mishtuko ya bei za nje, na hoja hiyo aliitetea mwanauchumi Milton Friedman tangu mwaka 1953. Wasimamizi wa benki nao, kwa makubaliano yanayoitwa Basel III, huzitaka benki ziwe na mtaji wa tahadhari wa asilimia 2.5 ya mali zilizopimwa kwa hatari zake, juu ya ule wa chini kabisa, ili hasara ikija iangukie hapo kwanza. Sipingi mifano hiyo. Ninaomba tu tuitumie kwa uangalifu wa fundi. Akiba inayotolewa wakati wa dhiki na kurudishwa wakati wa neema inafanana na springi: imepokea pigo, imelisambaza katika muda mrefu zaidi, na inadai irudishiwe. Mtaji wa benki unaofutwa na hasara hauna marejesho. Umeisha moja kwa moja, na wenye hisa ndio waliobeba joto lake. Huu wa pili ndio unaostahili kuitwa shokomzoba. Kwa hiyo mtu akisema kwamba wafanyakazi, au familia, au mkoa fulani ndio shokomzoba ya uchumi, swali la kumuuliza ni la kifundi kabisa: nishati hiyo imegeuka nini, na inatokea wapi? Shokomzoba isiyo na pa kutolea joto huchemka, mafuta yake yakawa mepesi, na ikaacha kufanya kazi huku kwa nje ikionekana nzima.

Maneno hayo ya mwisho yananirudisha kwenu, wahitimu, kwa sababu kuonekana nzima ndio ugumu mkubwa wa kifaa hiki. Balbu ikiungua, taa huzimika. Shokomzoba inakufa kidogo kidogo, na dereva anazoea kidogo kidogo, hata siku akipanda gari jingine ndipo anashangaa. Msitegemee kipimo cha kukandamiza pembe ya gari kwa mikono na kuhesabu linavyobembea. Kipimo hicho kinaikamata shokomzoba iliyokufa kabisa; ile iliyobakiwa na nusu ya nguvu zake inaweza kukipita, kwa sababu mikono yenu inasukuma polepole na bushi, yaani mipira ya maungio, nazo zinazuia kwa msuguano wake. Peleka kiganja juu ya tairi, kizungushe kufuata mzunguko wake, na usikie kama kuna mabonde na vilima vinavyofuatana. Tairi lililolika hivyo limekuwa likirukaruka. Chunguza fimbo: utando mwembamba wa unyevu karibu na sili ni wa kawaida, lakini mafuta yanayotiririka hadi chini ya silinda maana yake sili imepasuka, na yakifika kwenye breki jambo limekuwa jingine. Tazama pua ya gari inavyoinama linapofunga breki, na muulize dereva kama usiku taa zake zinawapiga machoni wanaokuja kwa kucheza juu na chini.

Mnapobadilisha, badilisheni mbili za ekseli moja kwa pamoja, kwa maana gari lenye shokomzoba hai upande mmoja na mfu upande mwingine litavuta upande mkifunga breki kwenye njia mbovu. Ile ya mirija miwili isimamisheni wima na kuivuta na kuisukuma mara kadhaa kabla ya kuifunga, ili hewa iliyojipenyeza wakati ilipolazwa stoo irudi juu ya mafuta. Msiikamate fimbo kwa koleo. Mkwaruzo mmoja kwenye kromu utaichana sili kila pistoni inapopanda. Nati za bushi msizikaze kwa mara ya mwisho gari likiwa juu ya jeki na gurudumu likining'inia, bali likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo mpira utabaki umesokotwa na utachanika mapema.

Na kuna desturi moja ambayo ninawasihi msiifuate kamwe, nayo ni kutoboa shokomzoba iliyochoka, kuijaza mafuta mazito na kuifunga kwa kulehemu. Zile sahani nyembamba mlizoziona zimepangwa kwa uzito maalumu wa mafuta. Mafuta mazito yakiingia, kifaa kinakuwa kigumu, mteja anafurahi kwamba gari limetulia, lakini gurudumu linaning'inia hewani baada ya kila tuta kwa sababu haliwezi kushuka upesi kufuata barabara. Isitoshe, nyingi za siku hizi zina gesi iliyoshindiliwa, na moto wa kulehemu juu ya chombo kilichofungwa chenye mafuta na gesi unaweza kumuua aliyeushika. Hata zile zilizokwisha kazi zisitupwe motoni wala kukatwa ovyo. Fuateni maelekezo ya mtengenezaji kuhusu mahali pa kutoboa ili kutoa gesi kwanza, na fundi anapaswa kuvaa miwani ya kinga na kutoboa tundu dogo polepole, huku uso wake ukiwa pembeni.

Ile iliyopasuliwa imeshatolewa mafuta, kwa hiyo njooni muishike. Asanteni kwa kunisikiliza.